Fundi Aliyenyamazisha Maji

Mara ya kwanza kumwona nilidhani ni mlevi. Alikuwa amelala kifudifudi katikati ya barabara yetu ya vumbi pale Shanwe, saa moja asubuhi, shati limechomekwa vizuri ndani ya suruali, sikio moja limebanwa kwenye ncha ya nondo aliyoisimika ardhini. Watu walimpita kwa mbali. Mimi nilikuwa na ndoo mkononi na ulimi mrefu kinywani, nikamuuliza kama pombe ya jana bado haijamtoka.

Aliniinulia mkono ninyamaze. Hakukasirika. Akasikiliza, akahamisha nondo hatua mbili, akalala tena, kisha akainuka na kujipangusa magoti.

"Mama, maji yenu yako hapa chini, yanalia. Wiki ya ngapi hamna maji nyumbani?"

Ilikuwa wiki ya pili. Wenzake walichimba pale alipochora msalaba kwa kisigino, wakalikuta bomba lina ufa mwembamba kama uzi wa kufumia. Enzi hizo alikuwa ameajiriwa kutunza mabomba ya mji. Baadaye alistaafu, akawa fundi wa kuitwa majumbani, akitokea Misunkumilo kwa baiskeli yenye boksi la vifaa nyuma. Mimi nikamwita Fundi. Yeye, alipoingia sebuleni kwangu akakuta makochi, redio, televisheni na hata jagi la maji vyote vimefunikwa vitambaa, akaniita Mama Vitambaa. Ndiyo kazi yangu, nafuma na kuuza, na nyumba yangu ndiyo duka. Jina lake halisi ninalijua, ila halijawahi kukaa mdomoni mwangu. Likitajwa kanisani huwa nageuka kutafuta ni nani huyo.

Fundi alikuwa na ugomvi wa kudumu na kelele za maji. Maji mazima hayasemi, ndivyo alivyoamini. Yakisema, yana shida, na anayeyasikia akanyamaza naye ana shida. Kuna Jumapili aliinuka katikati ya mahubiri, mbele ya kanisa zima, akatoka nje. Tulidhani tumbo limemkamata. Akarudi mikono ya shati imelowa, akapiga goti, akakaa. Koki ya nyuma ya kanisa ilikuwa inadondosha, na yeye alikuwa ameisikia kutoka benchi la tatu. Padri, ambaye naye hakuwa mtu wa kukosa neno, akasema sasa tuendelee, aliyekuwa anabishana na Injili amefungwa. Tulicheka, na Fundi alicheka kuliko wote.

Kicheko chake nacho kilikuwa cha kuamsha mtaa. Hapo ndipo nilipokuwa simwelewi. Mtu anayeteseka kwa tone la maji alikuwa akiongea kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Akikuambia siri, jirani wa tatu anaijua. Nilimtania mara nyingi kwamba kelele zote anazoziondoa kwenye mabomba ya watu anazihamishia kifuani kwake. Tulijieleza wenyewe kwamba ni zile pampu za maji ya mji alizokaa nazo ujana wake wote, na jambo likaishia hapo.

Alikuwa na miiko. Chai hakunywa mpaka kazi iishe na mwenye nyumba aseme imeisha. Ukimletea mapema aliifunika kwa kisahani, ikapoa, akainywa hivyo hivyo baadaye bila kulalamika. Mabomba aliyaunga yote makavu kwanza, bila gundi, akayatazama kwa muda mrefu, akayafumua, akayaunga tena. "Gundi haina msamaha," alisema. Na kila koki aliyoifunga aliichora mstari mdogo kwa tupa, kuonyesha mahali ilipotakiwa kusimama. Mstari huo ulikuwa sahihi yake. Kuna nyumba hapa mjini watu wameshahama, wengine wameshazikwa, lakini ukiinama chini ya sinki utakuta mstari wa Fundi.

Sasa niseme habari ya samaki, maana ndiyo iliyonifanya nimjue hasa.

Baba yangu aliishi Ikola, pembeni ya ziwa, mpaka kiharusi kilipompiga. Tukamleta kwangu. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, maneno yakabaki matatu au manne, na hayo yenyewe yalimtoka kwa shida. Mtu aliyekuwa na mdomo kuliko mimi akawa wa kuogeshwa na kulishwa. Siku nzima alikaa kwenye kochi akitazama ukuta. Kaka yangu akaona amtumie ziwa lake kidogo: samaki wale wadogo wa kwenye mawe, wenye milia, ambao watoto wa Ikola hucheza nao lakini hakuna anayewapika. Walikuja kwenye ndoo, na mawe ya kwao, na mchanga. Nikatengenezewa tangi la kioo la kuwaweka sebuleni, na lingine dogo chini yake ndani ya kabati, la kuchujia maji. Pampu inapandisha maji juu, yakijaa yanarudi chini kwa bomba.

Baba aligeuka kutoka ukutani. Jamani, kitu kidogo hivyo. Aligeuka akawa anawafuata kwa macho, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki.

Lakini lile bomba la kurudisha maji, alilolifunga fundi mwingine ambaye sitamsema kwa kuwa bado tunasalimiana, lilikuwa linagugumia kutwa. Linavuta maji na hewa pamoja, gulu gulu gulu, kama mtu anayenywa uji wa moto. Mimi nililizoea. Baba hakulizoea, kwa sababu moja ambayo haikunijia akilini mapema: kila akisikia maji yanachuruzika, mkojo unamshika. Kumnyanyua, kumfikisha chooni, kumrudisha, nusu saa. Akikaa tu, gulu gulu, anataka tena. Siku moja aliona aibu kuniita, akajaribu mwenyewe, akaanguka ukumbini. Siku nyingine walikuja akina mama wa jumuiya kumjulia hali, na mbele yao maji yakamshinda akajilowesha pale kwenye kochi. Akina mama walijifanya hawajaona. Baba alilia. Walipoondoka aliliinulia tangi mkono wake mzima, kisha akaonyesha mlango. Litolewe.

Nilijua likitoka anarudi ukutani, na safari hii hatageuka. Ndipo nikampigia Fundi.

Alipofika hakuniuliza mimi kitu. Alivuta kigoda akakaa mbele ya Baba, uso kwa uso, akamweleza kana kwamba Baba ndiye aliyemwita. "Mzee wangu, nimeambiwa maji yanakusumbua. Kosa siyo lako, kosa ni bomba. Bomba moja halitoshi. Likiwa moja, linafanya kazi kwa wasiwasi, na mwenye wasiwasi ndo anapiga kelele. Tutaweka matatu."

Akamwonyesha kwa vipande vikavu, akivipanga juu ya mapaja yake. La kwanza mdomo wake umeinamia ndani ya maji, na chini lina koki. Ukiibana koki kidogo kidogo inafika mahali bomba linajaa maji matupu, halimezi hewa tena, na likijaa linanyamaza. La pili mdomo wake uko juu kidogo. Lenyewe linapokea kile kidogo kinachobaki, kinateleza ubavuni bila sauti.

"Na hili la tatu?" niliuliza, maana lilikuwa refu kuliko yote, mdomo wazi, kavu.

"Hilo ni mjomba."

"Mjomba?"

"Eeh. Siku zote humwoni, hata kazi yake huijui. Lakini siku mambo yakiharibika ndo wa kwanza kufika, na anafika kwa kelele. Hayo mawili yakiziba kwa uchafu, maji yanapanda yanamkuta mjomba, anayabeba yote peke yake, sakafu yako haipati tone. Ila atapiga kelele mtaa mzima usikie, na mimi nataka apige. Mjomba akifika msimfukuze, msizime kitu. Niiteni nije nimwone."

Baba alicheka. Kicheko chake siku hizo kilikuwa pumzi tu, lakini nilikijua.

Kazi ilichukua siku tatu, kwa sababu ya ile tabia ya kuunga na kufumua. Umeme wetu nao aliuweka kwenye hesabu zake. Alizima swichi makusudi mara sijui ngapi, akachuchumaa kutazama maji ya juu yakishuka yakitulia, tangi la chini likipanda bila kufurika. Akachora mstari kwenye kioo cha chini kwa rangi yangu ya kucha, akaniambia nikijaza maji yakaupita huo mstari, umeme ukikatika tutaogelea. Bomba la kupandisha nalo alilitoboa katundu kadogo karibu na uso wa maji, ili pampu ikizimika livute hewa, lisije likanyonya tangi zima kurudi chini. Nilimwambia kwa samaki kumi na wawili hiyo kazi ni ya ikulu. Akasema samaki siyo wenye nyumba, mwenye nyumba ni Mzee.

Kisha ikaja siku ya kupima. Fundi alijaza kizibo cha soda maji, akakiweka juu ya bomba, akakitazama kama maji yaliyomo yanatetemeka. Halafu akamgeukia Baba.

"Mzee wangu, mimi sipimi kazi yangu mwenyewe. Anayekaa na kelele ndo anapima. Ukisikia, nyanyua kidole. Ukiacha kusikia, laza mkono. Na usinionee huruma."

Baba hakumwonea. Asubuhi nzima kile kidole cha kushoto kilikuwa juu. Fundi anageuza koki kiduchu, anamtazama. Kidole juu. Anageuza tena. Juu. Mimi nilikuwa sisikii chochote, nikaanza kumwomba Baba amhurumie mtu wa watu, chai ya pili inapoa. Baba akanikazia macho. Mtu ambaye kwa miezi hakuulizwa neno ila kama ameshiba, sasa alikuwa anaulizwa hukumu, na hakuwa tayari kuitoa kirahisi. Karibu saa saba akalaza mkono. Fundi akakitazama kizibo, akamtazama Baba, akachora mstari kwa tupa. Nikasikia saa ya ukutani, ambayo sikuwahi kujua inasikika.

"Sasa chai," akasema Fundi, kwa ile sauti yake.

Baba alikaa saa tatu mfululizo bila kuomba chooni. Nilihesabu. Nilienda jikoni nikalia huko, maana sikutaka wanione hao wawili waliokuwa wanachekana kama watoto.

Tangu hapo wakawa marafiki. Fundi alipita kila akija upande wa Shanwe, wakati mwingine na fungu la mboga, wakati mwingine na mchele mpya wa Mwamkulu kwenye mfuko. Aliongea, Baba akasikiliza. Mmoja hakuwa na maneno, mwingine alikuwa nayo ya wawili. Kila mara kabla ya kuondoka aliinama kwenye kabati, akagusa koki, akauliza kwa macho, na Baba akajibu kwa kidole au kwa kiganja. Niliona ni mchezo wao wa kizee.

Kosa la kwanza lilikuwa langu na ni la kijinga, lakini nani ataniambia niache kitu cheusi kimekaa uchi sebuleni kwangu? Ule mfuniko mweusi wa tangi ulikuwa unaniuma macho. Nikafuma kitambaa cheupe, kikubwa, chenye maua pembeni na vishada, kazi ya wiki mbili, nikakitandika juu. Kilipendeza. Baada ya siku chache kishada kimoja kikateleza ndani, kikalowa, kikavuta wenzake, kona nzima ikaingia kwenye midomo ya bomba la kwanza na la pili. Nilikuwa uani nafua. Nikasikia Baba anagonga sakafu kwa fimbo. Kuingia, sebule inanguruma. Mjomba amefika.

Sakafu ilikuwa kavu, haki ya Mungu. Nikaacha kila kitu kama tulivyoagizwa, nikampigia Fundi. Simu akapokea mkewe, akasema atamwambia.

Fundi akaja. Akabisha hodi, akavua viatu, akamshika Baba mkono, akakaa kwenye kochi lililo karibu kabisa na tangi. Bomba lilikuwa linanguruma nyuma ya kichwa chake, na sisi tulilazimika kupaza sauti. Akatutazama mmoja mmoja, akitabasamu.

"Mbona nyie mko kimya hivyo? Mmeniitia nini?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama Baba. Baba hakucheka. Polepole akainua kidole. Fundi akakiona, akageuka, akaona maji yanavyotetemeka ndani ya tangi, na kwa dakika moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa akiiba. Halafu akacheka kwa nguvu. "Aah, kumbe mjomba kaja!" Akachomoa kitambaa changu kikiwa kinachuruzika, akakikamua, akanitania mpaka jasho likanitoka. Tukacheka wote watatu. Lakini nilikuwa nimeona, na yeye alijua nimeona.

Jioni ile nikayapanga yote upya kichwani. Ile sauti kubwa. Kile kigoda cha kukaa uso kwa uso, atazame midomo. Kizibo cha soda. Kidole cha Baba, ambacho nilikiita mchezo. Mtu aliyesikia tone kutoka benchi la tatu alikuwa ameshapoteza masikio siku nyingi, na amekuwa akifanya kazi kwa macho, vidole, na sikio la baba yangu. Na Baba alijua tangu mwanzo.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mkewe kitambaa Misunkumilo, kisingizio tu. Fundi hakuwepo. Uani kwake koki ilikuwa inadondosha kwenye beseni, to, to, to. Nilisimama nikaitazama.

"Hiyo nimeshamwambia," mkewe akasema. "Anasema hamna kitu. Nimeiacha. Mwanangu, usije ukamwambia mtu. Wameshaanza kumpita. Wengine wanamwita, akimaliza wanamwambia safi Fundi, kumbe nyuma wanamleta mwingine arekebishe. Yeye hajui. Siku akijua haitwi kwa kazi, anaitwa kwa huruma, huyo hamalizi mwaka."

Nikaahidi. Nikarudi nyumbani nimejaa huruma mpaka kooni, na huruma ndiyo iliyoniponza.

Kiangazi kile bomba likaanza kufanya sauti ya kuzomea, ndogo lakini ya kudumu. Baba hakuwepo, kaka alikuwa amemchukua wiki moja Ikola akaone ziwa. Nilitaka lirekebishwe kabla hajarudi. Fundi akaja, akasafisha, akaunga, akaweka kizibo. Maji ya kwenye kizibo yalitulia. Akanigeukia, akanitazama usoni kama alivyokuwa akimtazama Baba.

"Kimya?"

Bado lilikuwa linazomea. Nilimwona kapiga magoti, mvi zimelowa jasho, nikamkumbuka mkewe. Nikalaza mkono.

"Kimya kabisa, Fundi."

Akachora mstari. Akanywa chai. Alipokata kona na baiskeli yake nilimwita fundi mwingine, akageuza koki robo ya kidole, likanyamaza. Nilijisifu kwamba nimemtunzia mtu heshima yake.

Baba akarudi, na Fundi akaja kumwona. Kama kawaida, kabla ya kuondoka akainama kabatini. Akakaa kule chini muda mrefu. Alipoinuka alikuwa hana ile sauti. Aliongea kwa sauti ndogo, ya kawaida, na ndiyo iliyonitisha.

"Koki yangu imesogezwa."

 Akanitazama midomo akisubiri.

"Mama Vitambaa, mimi sisikii. Siyo kwamba sijui. Kazi naijua. Nilikuomba sikio tu, nusu dakika, nawe ukaninyima. Mzee huyu hawezi kusema, lakini hajawahi kunidanganya hata siku moja."

Akamshika Baba mkono, akachukua boksi lake. Chai ilikuwa mezani imefunikwa kisahani. Hakuigusa. Baiskeli ilipotoka getini nikageuka, nikamkuta Baba ananitazama. Akaniinulia kidole.

Sijawahi kupigwa na baba yangu tangu nizaliwe, lakini siku hiyo nilijua maumivu ya kupigwa naye.

Fundi hakuja tena. Nilimtuma mtu kwa mkewe, jibu likarudi kwamba mafua, kwamba mvua, kwamba baiskeli. Nilisikia hapokei kazi tena, kwa mtu yeyote, na boksi la vifaa ameliweka chini ya kitanda. Hilo lilikuwa juu yangu na nililijua. Waliomdanganya walikuwa wengi, ila mimi ndiye niliyeshikwa. Kila jioni Baba alitazama mlango. Nilitaka kwenda mwenyewe kupiga magoti, kila siku nikasema kesho, mpaka Baba akatuacha, asubuhi moja kwenye kochi lake, samaki wakiwa mbele yake na nyumba ikiwa kimya.

Msibani Fundi alikuja. Alikaa na wazee wenzake siku zote tatu, alibeba jeneza kwa zamu yake, akanipa pole kwa mikono miwili bila kunitazama machoni. Siku ya pili nilimwona amesimama mbele ya tangi la maji la kuazima walilolitumia kina mama kupikia. Koki yake ilikuwa inavuja, mtu yeyote angeona tope. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mfukoni, akaenda kukaa. Mimi niliyezika baba nililia zaidi kwa ule mkono uliorudi mfukoni. Mungu anisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya arobaini bomba likaanza tena kuzomea. Angeweza kulinyamazisha mtu yeyote, na mimi mwenyewe sikuwa na sababu ya kusumbuka, aliyesumbuliwa na kelele hakuwepo. Nikajifunga kitenge nikaenda Misunkumilo kwa miguu.

Nilimkuta anachambua maharage barazani. Nikasimama mbele yake, mahali anapoona midomo yangu.

"Fundi, linalia."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe siku hizi unasema kweli?"

"Nimeanza," nikasema. "Nimechelewa, lakini nimeanza. Nisamehe."

Akaendelea kuchambua maharage. Akatupa jiwe moja, akatupa la pili. "Kuna mafundi wengi mjini," akasema. "Wanasikia."

"Wapo. Lakini hawaulizi mtu. Wanafunga, wanaondoka."

Mkewe alikuwa mlangoni.  Aliingia ndani, tukasikia, yaani nikasikia, boksi likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Akalileta akaliweka miguuni pa mumewe, akachukua ungo wa maharage kutoka mapajani mwake kana kwamba ni zamu yake.

Kwangu alifanya kazi asubuhi nzima. Akafumua, akaunga makavu, akatoa konokono mdogo aliyekuwa amejibana ndani ya koki, akanionyesha kwa furaha kama aliyempata mwizi. Nikaleta chai, akaifunika. Nilipomwona ameweka kizibo cha soda juu ya bomba nilijua sasa ni wakati wa kupima. Akageuka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kochi la Baba, kama yalivyozoea. Kochi lilikuwa tupu. Akabaki hivyo, mkono kwenye koki.

Hakuna mtu aliyekuwa amelikalia tangu siku ile. Nikaenda nikakaa. Nikaweka mkono wa kushoto kwenye kiegemeo, juu ya kitambaa nilichomfumia Baba.

"Kimya?" Fundi akauliza.

Maji ya kwenye kizibo yalikuwa yametulia tuli. Nilifunga macho. Mbali, chini kabisa, palikuwa na kisauti, chembamba, cha kitu kidogo sana kinachovuta hewa. Mtu mwingine asingekisikia. Nilifungua macho nikamwona anavyonitazama, mzee aliyepiga magoti, anayengoja, na moyo wangu wote ulitaka kulaza mkono.

Nikainua kidole.

Uso wake ulifunguka. Sijui niseme vipi. Nilimwambia kazi yake ina kasoro, na alifurahi kana kwamba nimempa zawadi. Akageuza koki kiduchu. Kidole juu. Akageuza tena. Juu. Akacheka, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akageuza tena. Saa ya ukutani ikaanza kusikika. Nikasubiri kidogo, nihakikishe. Kisha nikalaza mkono.

Fundi akautazama huo mkono. Akachukua tupa, akachora mstari mpya juu ya koki, akapuliza vumbi.

"Sasa chai," akasema, na jirani wa tatu akasikia.